Hukumu ya Mfanano: Vivuli vya Mapafuni na Swali la Yakini

Miongoni mwa maswali ambayo tiba ya leo imeyarithi kutoka kwa falsafa na dini, lipo hili: je, inajuzu kumhukumia mtu kwa mfanano peke yake, yaani kutamka kwamba kitu ndicho kwa sababu tu kinafanana nacho? Swali hili, ambalo makuhani, makadhi na wanafalsafa wamelishughulikia kwa karne nyingi, siku hizi hurudi kila asubuhi katika vyumba vya radiolojia, pale skani ya kifua inapoonyesha vinundu vingi vilivyotapakaa katika mapafu yote mawili, na daktari anayeisoma, akiwa amearifiwa kwamba mgonjwa aliwahi kuugua saratani ya titi, ya figo au ya utumbo mpana, anapoiona mbele yake sura ile ile aliyofundishwa kuiita msambao. Msambao ni hali ambayo chembe za saratani huuhama uvimbe wa mwanzo, husafiri kwa njia ya damu au ya limfu, na kuotesha uvimbe mpya katika kiungo kingine. Ukishathibitika, ugonjwa huhesabiwa kuwa umefika hatua ya nne, na mara nyingi mazungumzo ya kuponya hugeuka kuwa mazungumzo ya kupunguza maumivu. Mara nyingi usomaji huo huwa sahihi. Hata hivyo yapo magonjwa kadhaa yasiyo saratani yanayoichora sura hiyo hiyo kiasi kwamba jicho la bingwa halipati pa kuyatenga, na mgonjwa ambaye angemeza vidonge kwa miezi sita akapona hujikuta amewekwa katika safu ya wanaosubiri kufa.

Mfano mkongwe, na ulio karibu zaidi na watu wa Afrika Mashariki, ni kifua kikuu kilichosambaa mwilini kwa njia ya damu. Mwaka 1700 tabibu wa Geneva, Jean-Jacques Manget, alivilinganisha vinundu vya ugonjwa huo na punje za nafaka ya jamii ya uwele, na ulinganisho wake umedumu katika vitabu vya tiba hadi leo, kwa kuwa unaeleza vizuri kinachoonekana: vinundu vya milimita 1 hadi 3, visivyohesabika, vilivyotawanyika karibu sawasawa kutoka kilele cha pafu hadi kitako chake. Tatizo ni kwamba saratani ya tezi ya thairoidi, ya figo, na ile ya ngozi iitwayo melanoma nazo huweza kusambaa kwa sura ya punje. Dalili za mwili hazisaidii sana kutenganisha, kwa sababu mgonjwa wa upande wowote hukonda, hutokwa jasho usiku, hupoteza hamu ya chakula na huchoka. Kipimo cha makohozi, ambacho ndicho kimbilio la kwanza, mara nyingi hakionyeshi kitu katika aina hii ya kifua kikuu, na bakteria ambaye Robert Koch aliwatangazia wenzake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 hukua polepole mno, hata kuoteshwa kwake maabara huweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Katika wiki hizo picha huwa tayari imeshasema, na maabara bado imenyamaza.

Ugonjwa wa pili unaostahili kutazamwa kwa utulivu ni sarkoidosisi. Huu ni ugonjwa ambao sababu yake haijajulikana kwa ukamilifu, na ambao ndani yake kinga ya mwili hujenga granuloma, yaani vifundo vidogo vya seli za kinga zilizojikusanya kana kwamba zimezingira adui, ilhali adui huyo haonekani. Caesar Boeck, daktari wa ngozi wa Norwe, aliuelezea mwaka 1899 na kuupa jina lililotokana na kufanana kwake na sarkoma, ambayo ni aina ya saratani, ingawa alikwisha kutambua kwamba haukuwa saratani. Hivyo mfanano huo uliuandama ugonjwa tangu kuzaliwa kwa jina lake. Hujaza mapafu vinundu, huvimbisha tezi za limfu zilizo kwenye mizizi ya mapafu, huweza kugusa ini, wengu na mifupa, na kwa wagonjwa wengi hupungua wenyewe bila dawa yoyote. Lakini lililo gumu zaidi si sarkoidosisi yenyewe. Katika baadhi ya watu wenye saratani ya kweli, granuloma za namna hiyo hiyo hujitokeza katika tezi zinazopokea limfu kutoka kwenye uvimbe, pasipo chembe hata moja ya saratani kuzifikia. Mgonjwa wa aina hii ana saratani, hilo halina shaka. Kinachoaminiwa kimakosa ni kwamba imesambaa. Kosa hilo linatosha kumfungia mlango wa upasuaji ambao ungemponya, na hapa ndipo ubaya wa hukumu ya mfanano unapoonekana waziwazi, kwa sababu ukweli nusu ndio unaoupa uongo nguvu.

Orodha ya magonjwa mengine ni ndefu na haina haja ya kupitiwa yote. Silikosisi, inayosababishwa na vumbi la mawe yenye silika na inayowapata wachimbaji, wakiwamo wa tanzanaiti kule Mererani, huacha vinundu na hata mabonge makubwa. Fangasi wa mapafu hufanya hivyo hivyo. Na mifuko ya maji ya mnyoo aina ya ekinokoka, ambao kwa miaka mingi umewasumbua wafugaji wa Turkana waishio karibu na mbwa wao, huonekana katika picha kama matufe yaliyo mviringo kamili. Upo mmoja, hata hivyo, ambao mwanafalsafa hawezi kuupita upesi. Uvimbe wa kawaida wa mji wa mimba, ule ambao wanawake wengi wa Kiafrika huwa nao na ambao si saratani, mara chache huonekana kuhamisha seli zake hadi mapafuni na kuotesha huko vinundu vingi, aghalabu miaka kadhaa baada ya mwanamke kuondolewa kizazi. Paul Steiner aliueleza mwaka 1939. Vinundu hivyo hukua polepole, hufuata homoni za kike, na huweza kusinyaa baada ya ukomo wa hedhi. Hapa picha imesema kweli kwamba uvimbe umesambaa, na bado anayehitimisha kwamba ni saratani amekosea, kwa sababu kusambaa kulikodhaniwa kuwa ndiyo alama mahususi ya saratani kumekutwa kwa kitu kisicho saratani. Sifa ambayo akili iliiona kuwa ya dhati imegeuka kuwa ya bahati tu.

Ili kuelewa kwa nini jicho hushindwa, ni lazima kuuliza kila chombo kinapima nini. Miale ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua mjini Würzburg mwezi Novemba 1895 hupita katika mwili na kuzuiwa kwa viwango tofauti na mifupa, maji, mafuta na hewa, hivyo picha ya eksirei kwa asili yake ni kivuli. Skani ya kompyuta ambayo Godfrey Hounsfield aliitumia kwa mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971 ilikikata kivuli hicho vipande vyembamba na kukipa vipimo, lakini kilichopimwa kilibaki kuwa uzito wa mada, na uzito wa granuloma ya kifua kikuu na wa kinundu cha saratani hukaribiana sana. Ikaja skani ya PET, ambayo wengi waliipokea kama jicho linaloona undani. Mgonjwa huchomwa sindano ya glukosi iliyounganishwa na florini-18, atomi yenye mnururisho ambao nusu yake hutoweka katika dakika kama 110, na kamera huonyesha mahali sukari hiyo ilikojikusanya. Msingi wake ni ugunduzi wa Otto Warburg wa miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hutumia sukari kwa pupa kuliko seli nyingi za kawaida. Lakini seli za kinga zilizo vitani nazo hutumia sukari kwa pupa hiyo hiyo. Wasomaji wengi wa skani hizi walizoea kuichukulia thamani ya 2.5 katika kipimo cha ufyonzaji kuwa mpaka wa kutilia shaka, na granuloma za kifua kikuu na za sarkoidosisi huuvuka mpaka huo bila taabu. Skani hung'aa kwa njaa ya seli, na seli yenye njaa haitaji jina lake.

Tofauti inayohusika hapa iliwekwa wazi na mtu aliyekuwa tabibu na mwanafalsafa kwa pamoja. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitenganisha kuwapo kwa kitu na dhati yake, yaani swali la kama kitu kipo na swali la kitu hicho ni nini, na akashikilia kwamba jibu la swali la kwanza halileti lenyewe jibu la pili. Skani ni shahidi mwadilifu wa swali la kwanza: ikisema kuna kinundu cha milimita 9 katika sehemu ya chini ya pafu la kulia, kinundu kipo. Juu ya swali la pili haina ushahidi wa moja kwa moja. Ina dalili, na dalili hupata maana kwa kuunganishwa na mambo mengine yaliyo nje ya picha. Al-Ghazali, aliyezaliwa mwaka 1058, alipoeleza namna alivyopoteza imani yake kwa hisi, alitoa mfano wa kivuli ambacho jicho hukiona kimetulia ilhali uzoefu huthibitisha kwamba kinasogea daima, na wa nyota ambayo jicho huiona ndogo kama sarafu ilhali hesabu huonyesha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Hakusema kwamba jicho linadanganya kwa makusudi. Alichosema ni kwamba jicho linahitaji hakimu aliye juu yake, na msimamo huo unaweza kupelekwa katika chumba cha radiolojia pasipo kubadilishwa, kwa kuwa hata huko kinachotazamwa ni kivuli.

Zaidi ya hayo, jicho huja na matarajio yake, na matarajio hayo hutoka katika mahali. Ikichukuliwa kwa mfano tu, bila kudai kuwa ni takwimu za nchi yoyote, kwamba picha yenye sura fulani hupatikana kwa wagonjwa 90 katika kila 100 wenye msambao wa saratani na kwa wagonjwa 30 katika kila 100 wenye kifua kikuu, basi katika mji ambao kati ya wagonjwa 1,000 wenye vinundu 900 wana saratani na 100 wana kifua kikuu, sura hiyo itamaanisha saratani kwa zaidi ya watu 96 katika kila 100. Katika mji mwingine, ambako 900 wana kifua kikuu na 100 wana saratani, sura hiyo hiyo, kwa mashine hiyo hiyo na jicho hilo hilo, itamaanisha saratani kwa watu 25 tu katika kila 100. Huu ndio mwendo wa fikra uliowekwa na kasisi wa Uingereza Thomas Bayes, ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763 baada ya kifo chake. Kinachofuata ni jambo lenye uzito: maana ya picha haimo ndani ya picha. Bingwa aliyefunzwa London na kuhamia Dodoma, au aliyefunzwa Nairobi na kuhamia Toronto, hubeba ndani ya jicho lake mji aliotoka, na asipoliangalia hilo atawahukumia wagonjwa wa mji wa pili kwa desturi ya mji wa kwanza.

Hapa uadilifu unadai kwamba upande wa pili wa mizani nao utajwe, kwa kuwa katika Afrika Mashariki kosa lililozoeleka zaidi huenda kinyume. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu, na madaktari wa nchi hizo wanajua vizuri kisa cha mgonjwa mwenye saratani ya pafu anayepewa dawa za kifua kikuu kwa miezi kadhaa, kwa sababu ana kikohozi, amekonda, na picha yake ina kivuli. Dawa zisipofanya kazi ndipo swali la saratani linapoulizwa, na wakati huo nafasi ya upasuaji imekwisha kupita. Mfanano, basi, hauna upande. Penye saratani nyingi humfanya mwenye kifua kikuu aonekane ana saratani, na penye kifua kikuu kingi humfanya mwenye saratani aonekane ana kifua kikuu. Wala haifai kudhani kwamba ugonjwa usio saratani ni ugonjwa mwepesi: mwaka 2023 kifua kikuu kiliua watu wapatao milioni 1.25 duniani, na mgonjwa wake anayepewa kemikali za saratani kwa makosa huvunjwa ile kinga ndogo iliyokuwa ikimshikilia.

Kwa hiyo swali la kifalsafa linabadilika sura. Haliwi tena swali la kama daktari ashuku au asishuku, maana kutoshuku ni kujipofusha. Linakuwa swali la ni lini shaka inatosha kutenda. Mwaka 1877 mwanahisabati wa Uingereza William Clifford alitetea msimamo kwamba kuamini jambo pasipo ushahidi wa kutosha ni kosa la kimaadili, haidhuru imani hiyo iwe imetokea kuwa kweli. Mmarekani William James, ambaye alisomea utabibu kabla ya kuwa mwanafalsafa, alimjibu mwaka 1896 kwamba yapo mambo ambayo hayamngojei mtu, na ambayo kukaa bila kuamua ni uamuzi wenye matokeo yake. Wote wawili wana haki juu ya kitanda cha mgonjwa wa mapafu. Clifford anamshika mkono daktari anayeandika neno msambao kwa sababu tu amezoea kuliandika. James anamkumbusha daktari anayengoja wiki 8 za maabara kwamba mgonjwa aliyeshindwa kupumua hana wiki 8. Hata hivyo mjadala wao, kwa jinsi ulivyoachwa, unamweka mtu mbele ya milango miwili tu, na wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, walikuwa wameshafungua mlango wa tatu kabla yao.

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao kuanzia Lamu hadi Kilwa, husomeshwa kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka, kanuni ambayo al-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliihesabu miongoni mwa kanuni tano ambazo fiqhi yote hurejea kwazo. Jambo lililothibiti hubaki mahali pake mpaka lithibiti jingine la kuliondoa. Kanuni hii ikipelekwa kwa mgonjwa wa vinundu huzua swali ambalo si rahisi: kwa mtu aliyewahi kutibiwa saratani, ni lipi lililothibiti? Anayesema kwamba asili yake ni uzima, kwa kuwa alitangazwa amepona, atadai ushahidi mpya kabla ya kukubali kwamba saratani imerudi. Anayesema kwamba asili yake ni saratani, kwa kuwa seli zake ziliwahi kuonekana kwa darubini, ataona kinundu chochote ni mwendelezo wake. Msimamo unaotetewa katika insha hii ni ule wa kwanza, kwa sababu kilichothibitika wakati ule kilikuwa saratani ya titi au ya figo, na pafu halikuwahi kuthibitishwa kuwa na lolote. Ushahidi dhidi ya kiungo kimoja hauhamishwi kwenda kingine kwa kuwa tu vyote ni vya mwili mmoja. Lakini fiqhi hiyo hiyo haikumwacha mtu amefungwa na yakini. Msafiri asiyeiona Kaaba hutazama jua, nyota na dalili nyingine, hufanya ijitihadi, na husali kuelekea upande ambao dhana yake yenye nguvu imemwelekeza. Hasubiri yakini, wala haruhusiwi kuelekea popote bila kutafuta dalili. Anaruhusiwa kutenda kwa dhana, kwa sharti la kwamba ameitafuta kwa bidii na kwamba anajua ni dhana.

Upande wa Biblia kuna mfano unaogusa zaidi kwa sababu unahusu mwili wenyewe. Sura ya 13 ya Mambo ya Walawi inaeleza namna kuhani alivyotakiwa kumkagua mtu mwenye doa la ngozi. Alama zikiwa wazi, kuhani hutamka. Zikiwa na utata, haamriwi kukisia, bali anaamriwa kumtenga mtu huyo siku 7, kumtazama tena, na doa likiwa halikuenea, kumtenga siku 7 nyingine kabla ya kutamka. Msomaji wa leo huweza kukwazwa na ukali wa kutengwa huko, na ana haki ya kukwazika. Lakini ndani ya sheria hiyo mna jambo ambalo hospitali nyingi hazijalifikia, nalo ni kwamba kutotamka kumefanywa kuwa wajibu wenye muda wake maalumu, kuna siku ya kurudi kutazama, na kinachotazamwa siku hiyo kimetajwa mapema: je, limeenea au halikuenea? Mpango wa kurudia skani baada ya miezi kadhaa ili kuona kama kinundu kimekua umejengwa juu ya akili hiyo hiyo, yaani kuufanya wakati kuwa shahidi pale jicho linapokwama. Mwaka 2017 Fleischner Society, jumuiya ya mabingwa wa picha za kifua, ilitoa mwongozo unaosema kwamba kinundu kigumu kilicho chini ya milimita 6 kwa mtu asiye na hatari kubwa hakihitaji kufuatiliwa kwa kawaida, na kwamba cha milimita 6 hadi 8 kitazamwe tena baada ya miezi 6 hadi 12. Mwongozo huo, hata hivyo, unatangaza wenyewe kwamba hauwahusu wenye saratani iliyokwisha kujulikana wala wenye kinga dhaifu. Yaani watu ambao mfanano unawatesa kuliko wote ndio walioachwa nje ya kanuni, wakabaki mikononi mwa hekima ya daktari mmoja mmoja.

Njia iliyo bora zaidi ya kutoka katika dhana ni kuchukua kinyama, yaani kutoa kipande kidogo cha kinundu kwa sindano inayopita ubavuni, au kwa mrija wenye kamera unaopitishwa katika njia ya hewa, ili mtaalamu wa patholojia akitazame kwa darubini, akitie rangi ya kuwafichua bakteria, na kukipima kwa kipimo cha vinasaba. Huweza kupingwa hapa kwamba darubini nayo ni jicho, na kwamba mwanapatholojia naye huamua kwa kufananisha anachokiona na alichofundishwa, hivyo mfanano haukukwepwa bali umehamishwa chumba. Pingamizi hilo lina ukweli, na granuloma zenyewe ni mfano mzuri, maana kuziona kwenye kioo hakusemi mara moja kama ni za kifua kikuu, za sarkoidosisi au za jirani wa saratani. Lakini ngazi za ushahidi hazilingani kwa kuwa tu hakuna iliyo kamilifu. Kivuli kinaonyesha athari ya kitu juu ya miale. Darubini inaonyesha kitu chenyewe. Kuna tofauti kati ya shahidi aliyeona nyayo na shahidi aliyemwona mtu, na mahakama yoyote yenye uadilifu hupokea maneno yao kwa uzito tofauti, ingawa wote wawili wanaweza kukosea.

Sindano hiyo ina gharama. Hewa huweza kuvuja na kulifanya pafu lisinyae, damu huweza kutoka, kinundu cha milimita 4 mara nyingi hakifikiki, na katika wilaya nyingi za Afrika Mashariki hakuna mwanapatholojia wa kukisoma kipande kikipatikana. Ndiyo maana dai la kwamba kila kivuli kithibitishwe kwa kinyama haliwezi kuwa kanuni ya maadili. Kanuni inayoweza kushikwa ni kwamba pale ambapo tofauti kati ya majina mawili ya ugonjwa ni tofauti kati ya kuponywa na kuachwa, uzito wa uthibitisho unaotakiwa upande pamoja na uzito wa matokeo. Na pale ambapo uthibitisho hauwezekani, lichaguliwe kwanza tendo ambalo likikosea huweza kurekebishwa. Kumtibu mtu kifua kikuu kwa majaribio huku tarehe ya kupimwa upya imeandikwa kunarekebishika, mradi tarehe hiyo iheshimiwe. Kumnyima upasuaji kwa kudhani tezi zake zina msambao, au kumpeleka nyumbani akafie huko, hakurekebishiki. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2011, uliohusisha watu 53,454 waliovuta sigara kwa miaka mingi, ulionyesha pande zote mbili za jambo hili kwa pamoja: skani ilipunguza vifo vya saratani ya pafu kwa asilimia 20, na papo hapo asilimia 96.4 ya matokeo yaliyotiliwa shaka katika kundi lililopigwa skani yalikuwa si saratani. Watu hao hawakuwa wa kukaguliwa msambao, hivyo takwimu zao haziwezi kuhamishiwa kwa mtu aliyewahi kuugua. Lakini zinatosha kuonyesha kwamba chombo kinachookoa maisha na chombo kinachotia hofu bure kinaweza kuwa kimoja, na kwamba tofauti inafanywa na hatua inayofuata baada ya picha.

Linabaki suala la mgonjwa mwenyewe, ambalo waandishi wa tiba hulipitia haraka na ambalo wanazuoni wa kale walilipa nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika sheria ya Kiislamu mtu aliye katika maradhi ya mauti hawekwi sawa na mzima: zawadi anazotoa wakati huo huhesabiwa kama wasia, hazivuki theluthi moja ya mali yake ila warithi wakiridhia, na akipona zawadi zake husimama kama za mtu mzima. Jina la ugonjwa, basi, haliishii katika faili la hospitali. Linagusa mali, ndoa, watoto na toba. An-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake vimesomeshwa kwa vizazi vingi katika madrasa za mwambao, aliweka sharti kwamba ikiwa kuna shaka kama maradhi ni ya kuhofiwa kuleta mauti, jambo hilo halithibiti ila kwa matabibu wawili waadilifu. Sharti hilo linaitazama kauli ya tabibu kama ushahidi wa mahakamani, wenye idadi na sifa zake, na linakataa kwamba mtu aingizwe katika hesabu ya wanaokufa kwa neno la mmoja. Vikao vya mabingwa vinavyofanyika leo katika hospitali kubwa, ambamo msomaji wa picha, mwanapatholojia, daktari wa mapafu na daktari wa saratani huketi juu ya faili moja, vinatimiza sharti hilo bila kulitaja. Mahali ambapo kikao hakipo, daktari aliye peke yake bado anaweza kulitimiza kwa kiasi fulani kupitia maneno anayoyaandika: akiandika kwamba vinundu vimeonekana, kwamba msambao ni mojawapo ya maelezo, kwamba kifua kikuu na sarkoidosisi hazijaondolewa, na kwamba kinyama au picha ya pili inatakiwa kufikia mwezi fulani, amesema yote anayoyajua. Mgonjwa anayesomewa maneno hayo anaweza kukataa sindano, na ana haki hiyo. Anaweza pia kuita ndugu na kuandika wasia, jambo ambalo ni jema kwa mzima na kwa mgonjwa, lakini ataliandika akijua kwamba bado hakuna shahidi aliyekiona kitu chenyewe.